Runinga yako inaendeshwa na Linux, tamthilia yako inamwachia mdukuzi

Chukua rimoti. Kama runinga yako ni ya Android TV au Google TV, ingia Mipangilio, Mfumo, Kuhusu, kisha Maelezo ya kisheria, na mwisho Leseni za programu huria. Majina ya menyu hutofautiana kidogo kati ya kampuni na kampuni, ila njia ni hiyo. Yatafunguka maandishi marefu ya Kiingereza ambayo karibu hakuna anayeyasoma. Teremka nayo taratibu mpaka ukutane na jina GNU General Public License, kwa kifupi GPL, moja ya leseni za programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kusomwa na kubadilishwa. Ukirudi hatua moja, pale kwenye Kuhusu, kwa kawaida utakuta pia toleo la kerneli. Hiyo ni kerneli ya Linux, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, inayogawa kumbukumbu, kuamsha spika na kuzungumza na Wi-Fi. Mwenye LG ana webOS, mwenye Samsung ana Tizen, Hisense nyingi zisizo za Android zina VIDAA, na Roku ina Roku OS. Zote nne zimejengwa juu ya kerneli hiyohiyo.

Sasa rudi kwenye chaneli, utafute tamthilia yoyote yenye kompyuta ndani yake. Wakili, daktari na mama wa familia wana laptop ya rangi ya fedha yenye nembo inayong'aa mgongoni. Linux ikitokea, iko chumba chenye giza, mikononi mwa kijana aliyejifunika kofia ya sweta, na maandishi ya kijani yanamteremkia usoni. Kioo kinachoonyesha picha hiyo kinaendeshwa na kitu kilekile kinachoogopeshwa.

Nionavyo, runinga haina chuki na programu huria. Huitaja Linux kwa jina pale inapotaka kuonyesha hatari au akili isiyo ya kawaida, na jina hilo hufutika pale Linux inapofanya kazi za kila siku. Sababu zake ni za kiufundi na za kifedha, na zinafuatilika.

Tuanze na tamthilia iliyofanya vizuri kuliko zote. Mr. Robot ilirushwa na chaneli ya USA Network ya Marekani kati ya 2015 na 2019. Katika kipindi cha kwanza kabisa, Tyrell Wellick, bosi wa teknolojia wa kampuni kubwa, anachungulia skrini ya fundi Elliot, anasema ameona kwamba Elliot anatumia GNOME, na kwamba yeye mwenyewe yuko KDE. Kiufundi maneno hayo ni sahihi. GNOME na KDE si mifumo endeshi. Ni mazingira ya eneokazi, yaani madirisha, menyu na upau wa kazi vinavyokaa juu ya Linux. KDE ilianza 1996, GNOME 1997, na ubishi kati ya wapenzi wa hizo mbili ni wa Simba na Yanga. Mwandishi aliyeweka mstari ule aliwajua watu wake.

Lakini tazama mstari unafanya kazi gani kwenye hadithi. Elliot anashangaa: bosi mzima anatumia Linux? Mtazamaji asiyejua GNOME wala KDE anaelewa jambo moja tu, kwamba huyu bwana si wa kawaida, ni wa kuangaliwa. Hata mahali ambapo usahihi umeheshimiwa, Linux imebaki kuwa kitambulisho cha mtu hatari.

Tamthilia hiyohiyo iliitambulisha Kali Linux kwa mamilioni ya watu, na madhara yake yapo mpaka leo kwa wanaoanza. Kali ilitoka Machi 2013, imejengwa juu ya Debian, mfumo mwingine wa Linux, na imejaa mamia ya zana za wanaopima usalama wa mitandao kwa kibali cha maandishi. Nyaraka za Kali zenyewe zinasema wazi kuwa haipendekezwi kwa asiyeifahamu Linux. Anayeiweka kama mfumo wake wa kwanza kwa sababu ameiona kwenye runinga hukwama mapema. Huduma za mtandao zimezimwa tangu mwanzo kwa makusudi, na kadi ya Wi-Fi ya laptop mara nyingi haikubali kusikiliza mawimbi yote kama kwenye filamu, kwa kuwa chipu au programu inayoiendesha (driver) hairuhusu. Anahitimisha kwamba Linux ni ngumu. Angeanza na Linux Mint au Ubuntu, angepata mfumo wa kuandikia barua na kuangalia video ndani ya nusu saa. Mifumo hiyo miwili haina drama, ndiyo maana huioni.

Kwa nini basi ni terminali tu, lile dirisha tupu la kuandikia amri? Skrini zinazoonekana kwenye tamthilia huandaliwa na kitengo maalumu kabla ya siku ya kupiga picha. Mwigizaji akigonga kibodi, gonga lolote lile, yanatokea maandishi yaliyokwisha kutayarishwa. Kitengo hicho kina wanasheria nyuma yake. Windows na macOS zina nembo, aikoni na sauti ambazo ni mali ya kampuni, na kuzionyesha kwa karibu ni jambo la kuombea ruhusa. Njia rahisi ni mbili: kubuni mfumo wa uongo wenye madirisha makubwa ya ENTER PASSWORD, au kufungua terminali. Terminali haina nembo wala ada. Watu hudhani kwamba leseni huria inaruhusu kila kitu, lakini leseni ya GPL inahusu msimbo, haihusu alama za biashara. Nembo ya duara ya Ubuntu ni mali ya Canonical, kampuni inayoitengeneza, na neno Linux lenyewe ni alama iliyosajiliwa kwa jina la Linus Torvalds, mwanzilishi wake. Kwa hiyo nembo inafunikwa, jina linaondolewa, na mtazamaji anabakiwa na maandishi yanayotembea.

Ule ukijani nao ni urithi wa fosfori ya skrini za miaka ya 1970 na 1980. Terminali ya Ubuntu ikitoka kiwandani ina usuli wa zambarau iliyokolea na herufi nyeupe.

Ukitaka kupima tukio, angalia mwanzo wa mstari. Kwenye Linux kwa kawaida utakuta jina la mtumiaji, alama ya @, jina la mashine, kisha alama ya dola. Kwa msimamizi mkuu, root, dola hugeuka kuwa #. Ukiona C:\>, alama ya Windows, huku mhusika anajisifu kwa Linux, aliyeandaa skrini alichoka mapema. Kisha angalia anwani ya IP. Anwani ya kawaida ina namba nne, na kila moja ni baiti moja, hivyo haiwezi kuzidi 255. Tamthilia nyingi huweka namba kama 312 au 748 kwa kuogopa kutumia anwani ya mtu halisi. Woga huo una sababu, lakini suluhisho lake lipo tangu 2010, waraka wa RFC 5737 ulipotenga safu tatu kwa ajili ya mifano: 192.0.2.0 hadi 192.0.2.255, 198.51.100.0 hadi 198.51.100.255, na 203.0.113.0 hadi 203.0.113.255. Hazina mwenyewe kwenye intaneti. Mwandishi angeandika 203.0.113.47 asingemuudhi yeyote, na anayejua asingecheka.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa tamthilia ya CSI: NY, pale mpelelezi anapoahidi kutengeneza kiolesura kwa Visual Basic ili kufuatilia anwani ya IP. Visual Basic ni zana ya biashara ya Microsoft ya kutengenezea programu za madirisha. Kazi ile kwenye terminali ni amri ya whois, inayokueleza safu ya anwani ni ya kampuni gani, na traceroute, inayoonyesha njia. Baada ya hapo jina la mteja halipatikani kwa kugonga kibodi: polisi hupeleka hati ya mahakama kwa kampuni ya intaneti na kusubiri.

Ipo pia dhuluma ya upande wa pili. Filamu ya Jurassic Park ya 1993 ilichekwa kwa miaka mingi kwa sababu msichana anaona majengo ya 3D kwenye skrini na kusema huu ni mfumo wa Unix, mfumo endeshi ambao Linux iliufuata kwa muundo, na kwamba anaujua. Waliocheka walikosea. Programu ile, fsn, ilikuwepo kweli kwenye mashine za Silicon Graphics zenye IRIX, Unix ya kampuni hiyo, na kila jengo lilikuwa faili. Vivyo hivyo The Matrix Reloaded ya 2003: mhusika Trinity anaendesha nmap halisi, programu ya kukagua milango ya mtandao iliyo wazi, anakuta mlango namba 22 uko wazi, kisha anatumia udhaifu halisi, uliogunduliwa 2001, wa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mbali. Yakifanywa hivyo, tukio halipungui utamu hata kidogo.

Tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo pengo linapopanuka. Apple hudai kwamba haiwalipi watengenezaji ili vifaa vyake vionekane, lakini hutoa vifaa, na hilo kwa mzalishaji mwenye bajeti finyu ni sawa na malipo. Tena ina masharti. Mwaka 2020 mwongozaji Rian Johnson alieleza hadharani kwamba Apple hukubali iPhone itumike kwenye filamu, ila mhusika mbaya asionekane nayo mbele ya kamera. Modern Family ilirusha kipindi kizima kuhusu iPad tarehe 31 Machi 2010, siku tatu kabla ya kifaa hicho kuingia madukani, na Februari 2015 ikarusha kingine ambacho chote kinaonekana kupitia skrini ya MacBook. Hawaii Five-0 nayo iliwapa wapelelezi wake vifaa vya Microsoft, mpaka Bing, injini yake ya utafutaji, ikawa inatajwa ndani ya mazungumzo. Jiulize sasa nani angepeleka laptop 20 zenye Debian kwenye studio. Debian ni mradi wa watu wanaojitolea. Hauna idara ya kutuma vifaa, wala hauna sharti kwamba jambazi asiushike. Basi jambazi huushika.

Kwenye matangazo ni vilevile. Kati ya 2006 na 2009 Apple ilirusha Marekani mfululizo wa matangazo 66 ambamo mwigizaji Justin Long ni Mac na mwenzake John Hodgman ni PC. Dunia ikagawanywa watu wawili, wa tatu hayupo. Linux ilishapata tangazo kubwa la runinga kabla ya hapo, mwaka 2003, kwa sababu IBM ililipa: mtoto wa kiume amekaa kimya, na watu mashuhuri, Muhammad Ali akiwa mmoja wao, wanamfundisha. Lilikuwa tangazo zuri. Tangu hapo, kampuni zenye fedha zimekuwa zikiuza Linux bila kuitaja. Matangazo ya simu za Android husema kamera. Ya Chromebook husema wepesi na bei. Kampuni ya Valve ilipotoa Steam Deck, kifaa cha mkononi cha michezo, mwaka 2022, ikiwa na Arch Linux chini na KDE juu, maneno yalikuwa ya michezo. Kibiashara naelewa: mnunuzi hanunui kerneli. Matokeo yake ni kwamba programu huria ikifanikiwa hubadilishwa jina, na ikibaki na jina lake huwa ni ya kutisha.

Habari za saa mbili usiku zina kasoro yake. Aprili 2014 kosa kwenye OpenSSL, msimbo huria unaolinda mawasiliano ya intaneti, lilipewa jina la Heartbleed na nembo ya moyo unaochuruzika damu, na nembo hiyo ikaingia moja kwa moja kwenye taarifa. Tarehe 12 Mei 2017 WannaCry, programu hasidi inayofunga mafaili na kudai fidia, ilienea kupitia udhaifu wa Windows ambao Microsoft ilikuwa imeutolea kiraka siku 59 kabla, lakini mara nyingi msomaji wa habari alisema tu kwamba kompyuta zimeshambuliwa. Windows ni kompyuta, Linux ni Linux.

Haki itendeke kote, maana tarehe 19 Julai 2024 iligeukia upande wa pili. Mashine takriban milioni 8.5 za Windows ziliganda kwenye skrini ya bluu, na vichwa vingi vya habari vikaisema Microsoft. Kosa lilikuwa la faili ya masasisho ya CrowdStrike, kampuni nyingine kabisa, ya usalama wa kompyuta. Sky News ya Uingereza ilitoka hewani asubuhi hiyo. Kilichokosekana kwenye taarifa ni sababu ya kuchelewa kupona. Ilibidi fundi aende kwenye mashine moja moja, aiwashe kwa hali salama, aingie C:\Windows\System32\drivers\CrowdStrike, afute faili linaloanza na C-00000291 na kuishia na .sys, kisha awashe upya. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, kwanza atafute ufunguo wa tarakimu 48. Hakuna amri ya mbali inayofika kwenye mashine isiyowaka. Mashine za Linux zilisalimika siku ile, si kwa utukufu wowote, bali kwa sababu faili lile lilikuwa la Windows.

Na miezi michache kabla, 29 Machi 2024, mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, alitangaza kwamba xz, programu huria ya kubana mafaili, imepandikizwa mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliushtukia kwa kuwa kuingia kwa SSH kulichelewa takriban nusu sekunde. Mwajiriwa wa kampuni ya biashara aliwaokoa watumiaji wa programu huria, na aliweza kwa sababu msimbo uko wazi kusomwa. Kisa hicho hakiingii kwenye majukumu ambayo runinga imeyagawa.

Wanaotengeneza picha wenyewe hawana woga huo. Madoido ya filamu ya Titanic ya 1997 yalikokotolewa kwa mashine zaidi ya 100 za DEC Alpha zenye Linux katika studio ya Digital Domain. Leo studio kubwa za madoido huendesha Maya, Houdini na Nuke, programu za kutengenezea madoido hayo, juu ya Linux, na mwaka 2018 taasisi inayotoa tuzo za Oscar iliungana na Linux Foundation kuanzisha Academy Software Foundation, ili zana za picha ziendelezwe kwa pamoja. Anayechora mdukuzi wa kijani anaweza kuwa anafanya kazi hiyo ndani ya Linux kutwa nzima.

Hata historia ya haki za programu huria ina runinga katikati yake. TiVo, kinasa vipindi cha 1999, kilitumia Linux na kutoa msimbo, lakini kilikataa kuwaka ukibadilisha chochote. Ujanja huo ndio uliochangia masharti mapya ya GPL toleo la 3, Juni 2007. Mwaka 2010 mahakama ya New York iliiamuru Westinghouse Digital ilipe dola 90,000 na kusalimisha runinga zake zenye BusyBox, mkusanyiko wa zana ndogo za Linux ulio chini ya GPL, kwa kuvunja leseni. Oktoba 2021 Software Freedom Conservancy, taasisi inayotetea programu huria, ikaishtaki kampuni ya runinga ya Vizio huko California, safari hii kama mnunuzi wa runinga anayedai msimbo wake. Kwa hiyo lile karatasi jembamba ndani ya boksi la runinga usilitupe. GPL toleo la 2 inamtaka muuzaji ama aambatanishe msimbo, ama akupe ahadi ya maandishi idumuyo walau miaka 3. LG wana opensource.lge.com, Samsung wana opensource.samsung.com: andika modeli kama ilivyo nyuma ya runinga, si jina la kwenye tangazo, la sivyo hutapata kitu.

Kwa wanaotengeneza tamthilia za Kiswahili, tukio la kweli halina gharama. Weka VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta za kufikirika ndani ya kompyuta yako, unda mashine mbili za Debian, kila moja RAM GB 2 na diski GB 20. Mtandao uchague Internal Network kwa zote mbili. Usichague host-only, kwa sababu matoleo ya karibuni kwenye Linux na Mac hukubali anwani za 192.168.56.0/21 tu, na zile za mifano zitakataliwa. Kwa mashine ya kwanza andika:

sudo ip addr add 192.0.2.10/24 dev enp0s3

Ya pili ipe 192.0.2.20. Anwani hizi hupotea ukizima, basi piga picha ya hali ya mashine, snapshot, zikiwa zinafanya kazi. Badili jina la seva kwa hostnamectl set-hostname ili kwenye skrini isomeke benki au wizara ya kubuni. Kisha rekodi mhusika anavyoandika:

script --timing=muda kikao

Ukimaliza, andika exit. Siku ya kupiga picha, mwigizaji agonge anavyotaka huku wewe umeanzisha:

scriptreplay --timing=muda kikao

Yatatokea maandishi halisi, kwa kasi ya binadamu, na makosa ya vidole yakifutwa. Ongeza -m 1 mwishoni mwa amri hiyo kama kuna vituo virefu, ili kila kimya kisizidi sekunde moja. Herufi ziwe za ukubwa wa 18 hadi 22, maana za 10 hugeuka vumbi kwenye simu ya mtazamaji. Ukipiga kwa fremu 25, shata iwe 1/50 na monita uiweke Hz 50 kama inaruhusu. Ikibaki 60, mistari itapanda na kushuka. Mwanga wa monita usiupunguze sana, kwa sababu monita nyingi hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzimika haraka, na kamera huona michirizi ambayo jicho haliioni. Punguza kwenye lenzi. Geuza kamera kidogo pembeni ili mawimbi ya moire yaondoke. Na ule mkia wa mstari wa kwanza wenye alama ya dola uache uonekane.